Grupu Ndani ya Buti la Basi

 

Juma hili nimeletewa swali na mfanyabiashara mmoja wa upande wa Kabambare. Baba huyu ana basi kuukuu. Injini bado inavuta, lakini viti vimechakaa, na abiria wake wa zamani siku hizi wanapanda pikipiki. Ameamua kung'oa viti na kuligeuza basi kuwa duka la kuzunguka masokoni: watu wachajiwe simu, wanyolewe nywele, wanafunzi watolewe fotokopi, na jioni vijana waonyeshwe mpira. Umeme utatoka kwenye grupu, yaani jenereta. Na jenereta hiyo anataka kuifungia ndani ya buti la mizigo, kule chini ya sakafu, ili isiibiwe, isinyeshewe, na makelele yake yasiwakere wateja. Anauliza kama inafaa.

Inafaa, lakini kwa masharti. Na masharti yenyewe yanadai fedha na kazi ya fundi anayejua. Kama hayuko tayari kuyatimiza yote, basi jenereta ikae chini, nje, mbali na basi, ifungwe mnyororo na iwekewe mlinzi, na mambo yaishie hapo. Sababu za jibu hili ndizo nitakazozieleza leo. Hata wewe usiye na basi usizime redio, kwa maana jenereta iliyofungiwa kwenye stoo, kwenye ukumbi wa nyumba au nyuma ya madhabahu ina hatari ileile.

Wazo lenyewe la kutembeza umeme ndani ya gari si geni katika sehemu zetu. Mwaka 1935 huko Tanganyika, mradi wa sinema uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitoa lori lililozunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini kuonyesha filamu mahali ambapo hapakuwa na nguzo hata moja ya umeme. Lori lilienda na mtambo wa kuonyesha, skrini, na umeme wake lenyewe. Miaka kama tisini imepita, na huku kusini mwa Maniema bado tunaishi hivyohivyo. Bwawa la umeme la Lutshurukuru kule Kalima lilijengwa kwa ajili ya migodi ya kasiteriti, si kwa ajili yetu. Sisi wa huku, anayetaka umeme anajitengenezea. Hata mgodi wa dhahabu wa Namoya, hapo Salamabila, ambao kampuni ya Banro iliutangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara mwanzoni mwa 2016 na kuusimamisha mwaka 2019, ulitegemea majenereta makubwa ya mazuti, yaani dizeli. Kampuni yenye wahandisi ilifanya hivyo, na kinyozi wa sokoni anafanya hivyo. Tofauti ni kwamba kwenye mgodi jenereta inajengewa mahali pake kwa hesabu, na sokoni inawekwa popote penye nafasi.

Sasa tuingie kwenye buti.

Jambo la kwanza ni joto. Watu wengi wanadhani esansi, yaani petroli, wanayoimimina kwenye tangi inageuka umeme. Sehemu ndogo tu ndiyo inayogeuka. Jenereta ndogo ya esansi inatoa kama moja ya tano ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta, na sehemu nne zilizobaki zinatoka kama joto, nusu kupitia ekzosi na nusu kupitia mwili wa injini. Piga hesabu: kama vifaa vyako vinakula wati 2,000, injini inamwaga joto la wati 8,000 hivi. Ni sawa na kuweka pasi nane za umeme ndani ya buti, zote zimewashwa, halafu ukafunga mlango.

Ndani ya nusu saa utaanza kuona dalili. Rangi ya sakafu juu ya buti inavimba na kubanduka. Mpira wa kupitisha esansi unakuwa mgumu, halafu unapasuka karibu na kabureta. Injini inaanza kukohoa kwa sababu esansi inachemka kabla haijafika kwenye buji, na hewa ya moto haina oksijeni ya kutosha kuichoma vizuri. Mwenye mali anasema ameuziwa mashine mbovu. Anaita fundi, kabureta inafunguliwa, inasafishwa, inafungwa, na kesho yake mambo ni yaleyale. Mashine haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa inameza hewa yake yenyewe iliyokwisha kuungua, ikiizungusha mara kumi ndani ya kisanduku cha bati.

Dawa yake ni kuipa njia mbili za hewa, moja ya kuingilia na moja ya kutokea, na njia hizo zisionane. Ya kuingilia iwe chini, upande wa feni ya jenereta inapovutia. Ya kutokea iwe upande wa pili, juu zaidi. Tena usitegemee kwamba hewa ya moto itatafuta mlango yenyewe. Chukua bati, tengeneza bomba pana kutoka mahali jenereta inapotemea hewa yake ya moto hadi kwenye tundu la ukuta, libane vizuri ili joto lisirudi nyuma. Tundu la kutokea liwe kubwa kuliko mdomo wa feni, angalau kwa nusu tena, kwa kuwa wavu utakaouweka kuzuia panya na matope unakula nafasi. Kama unataka kupunguza makelele, usizibe tundu. Ipitishe hewa kwenye kona mbili zilizofunikwa kwa pamba isiyoshika moto. Sauti inapotea kwenye kona, hewa inapita.

Jambo la pili ni moshi, na hapa naomba kila mmoja asikilize kwa masikio mawili.

Moshi wa jenereta una gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Harufu unayoisikia ni ya mafuta yasiyoungua. Hata ukiichuja, gesi yenyewe inabaki. Ukiivuta, inashika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka mwilini, lakini imebeba mzigo usiofaa, na ubongo unakosa hewa wakati mapafu yanapumua kama kawaida. Kule Marekani, tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa inakadiria kwamba watu kama 100 wanakufa kila mwaka kwa gesi ya jenereta za kubebeka peke yake. Na hiyo ni nchi yenye hospitali, vipimo na vifaa vya kutoa kengele gesi inapoingia nyumbani. Ndiyo maana wanawashauri watu wao waweke jenereta nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, ekzosi ikitazama mbali na milango na madirisha.

Ukisikia mita 6, fikiria tena buti la basi. Pale umbali kati ya ekzosi na miguu ya kinyozi ni unene wa ubao wa sakafu. Ubao huo una matundu ya misumari ya viti vilivyong'olewa, una nyufa, una mahali waya zilipopita. Vijana thelathini wameketi juu wakitazama mpira, madirisha yamefungwa kwa sababu mvua inanyesha. Gesi inapanda taratibu.

Dalili zake ndizo zinazotudanganya sisi watu wa huku. Kichwa kinauma. Kizunguzungu. Kichefuchefu, pengine kutapika. Mwili unalegea. Mtu wa Kasongo akiambiwa dalili hizo anasema nini? Malaria. Ananunua vidonge, anarudi kulala palepale karibu na mashine. Kwa hiyo tujifunze kutofautisha. Malaria mara nyingi inakuja na homa na baridi ya kutetemeka. Gesi haileti homa. Malaria haiwapigi watu wote wa chumba kimoja kwa saa moja. Gesi inawapiga pamoja, na kuku na mbwa nao wakiwemo ndani. Na mtu aliyevuta gesi akitoka nje kwenye hewa safi anaanza kupata nafuu, akirudi ndani inamrudia. Ukiona hivyo, zima mashine, fungua kila mlango, watoe watu nje, kisha wapeleke hospitali wapewe oksijeni. Maziwa na mafuta ya mawese tunayowanywesha watu tukidhani yanatoa sumu hayasaidii hapa, kwa kuwa sumu hii haiko tumboni. Mtu aliyezimia ukimnywesha mawese, unaweza kumuua wewe mwenyewe kwa kumpaliza.

Kuna neno jingine zito ambalo lazima nilitamke. Watu watatu wanne wakikutwa wamekufa ndani ya nyumba moja asubuhi, bila jeraha, bila ugonjwa uliojulikana, mtaa unaanza kunong'ona. Nani aliwaonea wivu? Bibi gani alipita hapo jana? Yule bibi anafukuzwa, au anatendewa mabaya kuliko kufukuzwa, na jenereta inabaki palepale ukumbini ikingoja familia nyingine. Nawaomba wakubwa wa mitaa, wachungaji, mapadri na mashehe: kabla ya kuuliza nani kawaroga, ulizeni kama kulikuwa na mashine iliyowaka usiku, au mbabula ya makala iliyoingizwa ndani kwa sababu ya baridi. Makala nayo inatoa gesi ileile. Swali hilo moja linaweza kuokoa maisha ya bibi asiye na kosa na ya majirani wote.

Turudi kwa baba yetu wa basi. Kama ameamua buti, basi buti lenyewe ligeuzwe chumba kilichotengwa kabisa na watu. Sakafu ya juu ivalishwe pleti ya chuma iliyochomelewa mzunguko mzima bila kuacha pengo, na chini ya pleti hiyo iwekwe pamba ya mawe au pamba ya kioo, zile zisizoungua. Godoro la sponji ni mwiko: linashika moto, na moshi wake nao ni sumu. Kila mahali waya inapopita pazibwe kwa kitu kinachostahimili joto. Ekzosi itolewe nje ya bodi kwa bomba la chuma, maungio yakazwe, na kipande kimoja karibu na injini kiwe bomba lile linalokunjika, maana injini inatikisika na bodi haitikisiki vilevile. Bomba gumu litapasuka kwenye kiungo, tena upande wa ndani usioonekana. Bomba lisiishie chini ya basi. Lipandishwe upande usio na mlango wala dirisha la wateja mpaka juu ya paa, na mdomo ufunikwe mvua isiingie. Bomba hilo karibu na injini linaweza kupita digrii 400 za joto, kwa hiyo lifungwe kitambaa kisichoungua na lisigusane na waya, mbao wala mpira.

Kazi ikiisha, usimwamini fundi kwa maneno, wala usijiamini mwenyewe. Fanya jaribio hili. Jenereta ikiwa imezimwa na esansi imeondolewa kabisa, weka ndani ya buti kopo lenye makaa machache na majani mabichi juu yake. Funga mlango wa buti, ziba matundu ya hewa kwa muda. Mtu mmoja akae ndani ya basi kwa dakika chache tu, madirisha yamefungwa, mkononi ana tochi, aimulike sakafu na kona zake polepole. Utauona moshi ukitoka kama uzi mahali ambapo fundi aliapa kwamba amefunga. Weka alama ya chokaa, mtoe mtu, fungua madirisha, rudisha mashine ya kuchomelea. Rudia mpaka uzi usionekane. Gesi inayoua haionekani, lakini inapita njia ileile ya moshi wa majani.

La tatu ni mafuta. Jenereta nyingi tunazonunua zimebeba tangi juu ya injini. Kwenye uwanja wa wazi hakuna neno. Ndani ya buti, tangi hilo linapashwa moto kutoka chini, na mvuke wa esansi unaanza kutoka kwenye kifuniko. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Unashuka na kutulia kwenye sakafu ya buti kama maji yasiyoonekana, unasubiri cheche. Cheche zitatoka wapi? Kwenye betri ya gari iliyowekwa humohumo. Kwenye swichi. Kwenye kijana anayejaza mafuta mashine ikiwa bado moto, sigara mdomoni. Kwa hiyo tangi liondolewe juu ya injini, liwekwe mahali pengine penye hewa, na mafuta yaje kwa mpira wa mafuta wenye koki ya kufungia. Betri ziwe na sanduku lao upande mwingine wa basi. Bidoni za akiba zisikae ndani ya buti hata kama safari ni ya siku moja. Na kabla ya kujaza, zima, subiri ipoe.

Kuhusu esansi yenyewe mnajua inavyofika kwetu. Inapita mikono mingi, inamwagwa kutoka pipa hadi bidoni, kutoka bidoni hadi chupa ya barabarani, na kila mkono pengine unaongeza maji au mafuta ya taa kidogo. Iache itulie kwenye chombo kinachoonyesha ndani, tazama kama kuna mstari chini, chuja kwa kitambaa safi. Na oili: mashine mpya ibadilishwe oili baada ya saa 20 za kwanza, halafu kila saa 100, na kwenye joto la buti ningesema kila saa 50. Lita moja ya oili ni rahisi kuliko pistoni.

La nne ni barabara yetu. Anayeijua njia ya Kasongo na Kabambare wakati wa masika hahitaji kuelezwa. Jenereta iliyofungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye bati la buti italing'oa bati hilo kabla basi halijamaliza masoko ya mwezi mmoja. Iketi juu ya fremu ya chuma iliyoshikwa kwenye chesi yenyewe, na kati ya fremu na jenereta viwekwe vilalio vya mpira. Vipande vya tairi zito vinaweza kufanya kazi hiyo. Nati ziwe zile zisizolegea, au zifungwe mbilimbili. Fremu iwe ya kuteleza nje kwenye reli, yenye pini mbili za kuifunga wakati wa safari, ili fundi aweze kuivuta na kubadili oili bila kulala tumboni ndani ya matope. Mahali pasipofikika hapatunzwi. Na basi likitembea, jenereta izimwe.

La tano ni umeme wenyewe, na hapa nitakwenda haraka. Jenereta ya kilovoltampea 3 kwa volti 220 inatoa ampea karibu 14. Waya wa milimita za mraba 2.5 unaibeba, ule waya mwembamba wa taa unaouzwa kwa bei ya chini unayeyuka. Weka dijonkta, yaani swichi inayokata umeme ukizidi, inayolingana na waya. Weka pia kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampea 30, na umwambie fundi aunganishe nyutro ya jenereta na chesi, la sivyo kifaa hicho kitakaa pale kama pambo na hakitakata siku mtu atakaposhikwa. Basi lina magurudumu ya mpira, halishikani na ardhi. Likisimama sokoni, bodi yake iunganishwe kwa waya na nondo iliyochomekwa kwenye udongo mbichi. Watoto wanaegemea basi miguu mitupu, ardhi imelowa; bodi ikiwa na umeme, mtoto ndiye anayekuwa waya.

Sasa niseme lililonisukuma hasa kulichukua swali hili. Nilimuuliza baba yetu anataka jenereta ya ukubwa gani. Akasema kilovoltampea 5, ili iwe na nguvu ya kutosha. Tukakaa, tukahesabu pamoja. Simu 40, kila moja wati 5 hadi 10: tuseme 300. Mashine mbili za kunyolea, wati 30. Televisheni ya kisasa, wati 60. Spika, wati 100. Kompyuta ndogo, wati 60. Taa za ndani na nje, wati 50. Jumla wati 600. Kinachobaki ni mashine ya fotokopi, na hiyo inapopasha moto inaweza kufika wati 1,000 au kuzidi, lakini kwa dakika chache.

Kumbe kazi yake yote, ukiacha fotokopi, ni wati 600! Jenereta ya kilovoltampea 5 ikibeba wati 600 inakula mafuta mengi kuendesha ukubwa wake yenyewe, inachafua buji, inajaza masizi kwenye ekzosi. Ya kilovoltampea 2 ingemtosha na ingekuwa nyepesi, ingemwaga joto dogo, na moshi mdogo. Watu wetu wanapenda mashine kubwa kwa heshima. Heshima hiyo inalipwa kila siku kwenye chupa ya esansi.

Tena kuna paa. Paa la basi ni uwanja mpana uliotazama jua kutwa nzima, na sisi tuko digrii nne na nusu tu kusini mwa ikweta. Paneli za jumla ya wati 1,000 juu ya paa hilo, kwa siku ya jua la kawaida, zinaweza kuleta kilowatisaa 3 mpaka 4. Wati 600 kwa saa 6 ni kilowatisaa 3.6. Tazama hesabu inavyokutana. Ukiongeza betri nzuri na kigeuzaji umeme, simu, vinyozi, taa na mpira vinakwenda kwa jua, na jenereta inawashwa kwa fotokopi nyingi, au siku za mawingu mfululizo. Badala ya saa sita kwa siku inawaka saa moja. Hata kama utaiweka chini nje kwa mnyororo, saa moja mlinzi anaweza kuikalia.

Paneli na betri ni ghali mwanzoni, sitawaficha. Lakini wenzetu wa afya wamekwisha kuonyesha njia. Kasongo ilijulikana duniani kwa utafiti wa chanjo ya surua wa miaka ya 1970, uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Chanjo hiyo lazima ikae kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, usiku na mchana, na zamani baridi hiyo ililetwa na friji za mafuta ya taa ambazo utambi wake ulihitaji kuangaliwa kila siku. Leo katika nchi nyingi za Afrika vituo vya mbali vinapewa friji za jua. Kama jua linaaminiwa kulinda chanjo ya mtoto, linaweza kuaminiwa kuchaji simu.

Wasikilizaji, nimalizie kwa maneno ya wazi, kila mtu achukue lake.

Wewe mwenye basi: kwanza andika orodha ya vifaa na wati zake, ndipo ununue mashine. Bajeti ya chumba cha jenereta, yaani pleti, pamba, bomba, matundu na nyaya, iwe mezani siku ileile ya bajeti ya jenereta. Kama fedha za chumba hazipo, buti liache kwa mizigo.

Wewe fundi: mteja akikuambia uifunge tu haraka, mkatalie. Kazi ni yako, na siku ya msiba jina litakalotajwa ni lako.

Ninyi wakubwa wa soko na wa mitaa: basi la biashara likiingia sokoni na jenereta inanguruma ndani yake, mwombeni mwenyewe awafungulie buti. Tazameni ekzosi inatokea wapi. Mkiona inaishia chini ya sakafu, asipakie watu.

Na wewe mama, wewe kijana uliyeketi ndani ukitazama mpira: kichwa kikianza kukuuma, na jirani yako naye analalamika kichwa, usingoje dakika za mwisho za mchezo. Toka nje, watoe na wenzako, zimeni mashine. Matokeo ya mpira mtayasikia hapa redioni kesho asubuhi.